Hisa za Almasi na Zamu ya Mama Kezia

Iko Jumapili moja ya Toronto, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nikiwa nimekusudia kukumbuka mambo mengine. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi la Bi Mwanaidi, ghorofa ya kumi na nne pale St. James Town, chai imewekwa mbele yangu na nashindwa kuinywa. Wanawake tisa walikuwa wananingoja niseme nilichowaitia. Nitakueleza, ila usinikatize, maana nikikatizwa nitapata kisingizio cha kuishia njiani.

Nimesikia umeanza kununua hisa. Wala sikugombezi. Mimi mwenyewe ninazo mpaka leo na zinanisaidia, na ningekuwa mwongo nikikuambia kwamba soko la hisa ni kamari ya wahuni. Ninachotaka ujue ni namna nilivyozinunua zile za kwanza.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa na nguvu zangu na ulimi wangu. Nilitoka Tanga, na kazi niliyoipata ilikuwa ya kumtunza mzee mmoja tajiri, upande wa kaskazini wa mji. Ninaposema tajiri usifikirie mtu mwenye gari jipya. Mzee yule alianza na saruji, akaingia kwenye majengo, halafu akafika mahali ambapo fedha zilizaa fedha huku yeye amelala. Nyumba yake ilikuwa na vyumba kumi na kimoja vya kulala, na aliyelala humo alikuwa yeye peke yake. Kulikuwa na chumba kizima cha kufungia zawadi, kina meza ndefu na karatasi za kila rangi. Katika miaka yangu mitatu pale sikuona zawadi hata moja ikifungwa.

Nilimwogesha, nikampa dawa, nikampikia uji. Na kwa kuwa macho yake yalikuwa yamefifia, kila asubuhi nilimsomea gazeti, ukurasa wa bei za hisa. Nasoma, anatafuna, kisha anamwita wakala wake kwenye simu: nunua hizi, uza zile. Baada ya miezi michache nilizijua kampuni za Canada kuliko nilivyowajua watoto wa dada zangu. Kichwa kikaanza kuvimba. Nilijiona ninasoma chuo kikuu bila kulipa ada.

Jikoni alikuwapo Chayo, mwanamke wa Kimexico kutoka Puebla, mpishi na msafishaji. Aliingia nchini kama mtalii, akaomba kubaki, na kesi yake ilikuwa bado inasubiri. Siku hizo watu walikuwa wanapiga simu redioni kulalamika kwamba Wamexico wanashuka tu kutoka kwenye ndege na kuomba ukimbizi. Na mimi, ambaye sikuwa hata na miaka sita nchini, nilikuwa natikisa kichwa kukubaliana nao. Nilisema Wamexico wamezidi. Nilisema wanakubali mshahara mdogo na kutuharibia wengine. Niliyasema hayo kwenye basi, nikayasema msikitini tukinywa chai baada ya swala, na walioniitikia wote walikuwa wageni kama mimi. Naona haya kukusimulia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nikupeleke kwenye upatu. Tulikuwa wanawake kumi, wengine wa Tanga na Mombasa, wengine wa Uvira na Bujumbura. Kila mwezi kila mmoja anatoa, na mwenye zamu anachukua chote. Mtunza fedha nilikuwa mimi, kwa sababu nilijua hesabu na kwa sababu, tuseme kweli, niliitaka kazi hiyo. Kwa kawaida fedha hukabidhiwa siku ileile. Zamu ya Mama Kezia ndiyo tuliyoipanga vingine. Huyu alikuwa Mrundi, mpole, anafanya kazi kiwandani, na binti yake Kezia alikuwa amebaki kambini Kigoma na bibi yake. Karatasi za mtoto zilikuwa zimekubaliwa. Kilichobaki ni nauli. Kwa hiyo wenzake wawili wakamwachia zamu zao, fedha zikawa zinakusanyika kwangu miezi mitatu mpaka zitimie.

Chayo aliuona upatu wetu siku aliponikuta napanga bahasha mezani. Akasema kwao pia wanacheza hivyo, wanauita tanda, na akaomba aingie. Nililipeleka ombi lake kwa wenzangu, na nililipeleka kwa namna ambayo lingekataliwa.

"Huyo akishapokea zamu yake atapanda ndege," nikawaambia. "Tutamtafuta wapi?"

"Wamjua yuwafanya hivyo?" aliuliza Bi Mwanaidi. Alikuwa mkubwa wetu kwa umri, Mmombasa, mwenye macho ya kumpima mtu.

"Ndivyo walivyo, Bi mkubwa."

Wakanisikiliza. Chayo akakataliwa. Nilipompa jibu aliendelea kumenya viazi.

Mwezi huohuo mzee wangu akapata kipenzi kipya: kampuni ndogo iliyokuwa inatafuta almasi kaskazini ya mbali, kwenye barafu. Alinunua, akaongeza, akaongeza tena. Mimi ndiye niliyekuwa nasoma ile bei ikipanda kila juma. Nilitamani kumuuliza kwa nini anaipenda hivyo, lakini kwetu mtu hamuulizi mzee habari za mali yake. Unakaa, unatega sikio, unajitia hamnazo. Hiyo ndiyo adabu niliyolelewa nayo, na nilidhani kutega sikio kunatosha.

Chayo hakulelewa hivyo. Siku moja anaondoa vyombo, akamuuliza mzee kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kama na yeye anunue zile za almasi. Kisha akanifuata jikoni.

"Amesema hapana," akaniambia. "Anasema hizo ni pesa zake za kuchezea. Zikipotea hata hatazikumbuka. Mimi na wewe tusiziguse."

Nikatabasamu. Nikajiambia kwamba mzee hawezi kumfunulia mpishi siri yake. Huyu Mmexico anajua nini? Mimi ndiye ninayesoma gazeti. Juma lile nilikwenda benki, nikafunguliwa akaunti ya hisa, nikanunua zile za almasi kwa fedha yote ya Mama Kezia iliyokwisha kukusanyika.

Usinitazame hivyo. Sikuwa mwizi. Moyoni mwangu nilikuwa namsaidia. Zamu yake ilikuwa imebakiza wiki tano, na kwa mwendo ule fedha ingekuwa mara mbili. Nilishajiona nikisimama sebuleni kwa Bi Mwanaidi, namkabidhi nauli na juu yake fungu la kuanzia maisha na mtoto, wanawake wakipiga vigelegele. Hata kitambaa cha kuvaa siku hiyo nilikuwa nimekichagua. Kwa wiki tatu hisa zilipanda, na mimi nikapanda nazo.

Kisha ikaja asubuhi moja ya Alhamisi. Nilifungua gazeti, nikaanza kusoma kwa mpangilio wetu wa kila siku, nikafika kwenye almasi. Mawe yaliyopatikana kule kwenye barafu yalikuwa madogo mno, hayafai hata gharama ya kuyachimba. Bei ilikuwa imeporomoka mpaka karibu na sifuri.

"Rudia," alisema mzee.

Nikarudia. Akatafuna. Nilimtazama usoni, nikitafuta hofu, nikitafuta hasira, nikitafuta kitu chochote cha kufanana na kilichokuwa kifuani mwangu. Alikuwa amepoteza asubuhi ile fedha ambayo ukoo wetu wote wa Tanga, walio hai na waliokufa, haujawahi kuishika.

"Basi," akasema. "Uji umepoa. Niongezee maziwa ya moto."

Nikamwongezea. Maziwa yakamwagika kwenye kitambaa, na yeye hakuona. Nikaenda kile chumba cha kufungia zawadi, nikafunga mlango, nikakaa chini kati ya karatasi za rangi, nikalia kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo. Chayo ndiye aliyenikuta.

"Ulinunua," akasema.

"Nilinunua."

"Pesa zako?"

Nikatikisa kichwa kukataa. Hakunikumbatia, mwanangu. Alisimama pale na taulo lake begani, akaniangalia kwa muda, kisha akarudi kwenye masufuria yake. Nilistahili hivyo.

Ndipo tunapofika kwenye ile Jumapili. Niliwaambia yote, sikuficha hata lile la kuonywa. Mama Kezia alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Miye nimekwisha kumwandikia Kezia," akasema polepole. "Nimemwambia Krismasi atakula na miye. Barua imekwisha kufika."

Ndipo Bi Mwanaidi akanigeukia.

"Weye ulituambia yule Mmexico atatutorokea na pesa. Haya. Mmexico yuko, pesa haziko."

Nikaomba wanifukuze kwenye upatu. Nilidhani hiyo ndiyo adhabu kubwa.

"Hatukufukuzi," akasema. "Ukifukuzwa utapumzika. Utakaa humu humu, utatoa kila mwezi wala hutapokea, mpaka mtoto wa mwenzio afike. Na bahasha utazikabidhi leo. Kisha nikwambie jambo, uliweke: yule tajiri ana ushujaa kwa sababu ana kitanda cha kuangukia kila aangukapo. Weye uliruka naye, na kitanda huna. Na aliyekwambia usiruke hukumsikia kwa sababu ya alikotoka."

Nimeishi na maneno hayo miaka yote hii. Siku ile yaliniuma. Sasa ndiyo ninayoyategemea.

Mshahara wangu mmoja usingetosha. Nilikuwa natafuta kazi ya pili bila kumwambia mtu, lakini Chayo alikuwa na masikio. Jumatatu moja akaniwekea karatasi mezani yenye anwani. Yeye na Wamexico wenzake walikuwa wanasafisha ofisi mjini kila Jumamosi na Jumapili, na mmoja wao alikuwa ameacha.

"Vaa viatu vya raba," akasema. "Na usichelewe, mimi ndiye niliyekudhamini."

Nikaenda. Walikuwa tisa, wanawake na wanaume, na Mwafrika nilikuwa peke yangu. Nilipoingia bwana mmoja akasema jambo kwa Kihispania, wenzake wakaguna na kutikisa kichwa. Kile kichwa nilikijua. Ndicho nilichokuwa nikikitikisa mimi redio ikisema. Nikamuuliza Chayo wamesema nini.

"Anasema Waafrika mnakubali mshahara mdogo," akajibu, midomo yake ikizuia kicheko. "Anasema mtatuharibia."

Nikacheka, mwanangu. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu ile Alhamisi. Nilicheka nimeshika fagio, na Chayo akacheka, na yule bwana akatuangalia akidhani tumerukwa na akili. Niliwazoea, wakanizoea. Baadaye wenzangu walimwita Chayo aingie kwenye upatu, nikatumwa mimi nimwalike. Alikataa. Alisema ameshapata tanda ya kwao, na kwamba wetu alisikia una historia mbaya ya watunza fedha.

Nauli ilitimia baada ya miezi minane. Lakini vipimo vya afya vya mtoto vilikuwa vimeisha muda wake, ikabidi apimwe upya, karatasi zikaanza kuzunguka tena. Krismasi aliyoahidiwa Kezia ilikuwa imeshapita, na nyingine ikapita. Kezia alipotua, mimi nilikuwapo uwanjani, kwa sababu Mama Kezia mwenyewe aliniambia nije.

Mama Kezia alikuwa na koti mkononi, jekundu, la baridi kali, ambalo alilinunua mwaka wa zamu yake na kulitunza kabatini na lebo ya bei ikiwa bado shingoni. Mlango ukafunguka akatoka msichana mrefu, miguu mirefu, anatafuta uso wa mama yake na haujui vizuri. Wakakumbatiana muda mrefu. Kisha Mama Kezia akamvalisha koti. Mikono iliishia chini kidogo ya viwiko, na vifungo havikufika vinakofungwa. Akajaribu tena, akivuta huku na huku, kama anayeamini kwamba akivuta vizuri litatosha. Halafu akanitazama. Hakunitazama kwa chuki. Alinitazama mara moja tu, akatoa mtandio wake mwenyewe akamfunika mtoto kifua.

Nilimwomba msamaha siku ile, nikamwomba tena miaka mingine, na amenisamehe. Kezia mwenyewe ananiita shangazi. Lakini mwaka ule wa mtoto sikuweza kuurudisha. Fedha niliilipa mpaka senti ya mwisho. Mwaka sikuulipa.

Kwa hiyo, mwanangu, nunua hisa zako. Nunua kwa fedha yako mwenyewe, ile ambayo ikipotea utakasirika, utakunywa chai, utalala. Ya mwenzako usiiguse hata kama moyo unakuambia unamtendea wema, maana hujui fedha ile imeshikilia nini upande wake. Ukimwona tajiri anacheza, mtazame ujifunze, lakini ukumbuke kwamba yeye anacheza na kilichozidi. Usilolijua, uliza kwa mdomo wako. Adabu haijawahi kumkataza mtu kuuliza, mimi ndiye niliyeifanya hivyo. Na watakaokuja nchi hii baada yako, kutoka Mexico au kutoka kokote, usiwaseme kama nilivyowasema mimi. Mmoja wao anaweza kuwa ndiye anayekuambia ukweli asubuhi hii, na wewe umeshughulika na lafudhi yake.

Nakuombea riziki ya halali na akili ya kuitunza. Mungu akupe watu wa kukukanya mapema, na masikio ya kuwasikia wakiwa bado wanasema. Akufikishie kila unayemngoja kwa wakati wake, na koti ulilomnunulia limkae vizuri mabegani. Amina, mwanangu.