Dawa ya Mwenye Farasi wa Mabaka

Kaka yangu Malachy Tuohy hajui dawa yoyote. Hata jipu lake namkamulia mimi, Delia, dada yake mkubwa, na analia. Kosa lake ni moja tu: alinunua farasi wa mabaka meusi na meupe. Hapa kwetu Clare, ukimkuta mtu amepanda farasi wa namna hiyo ukamuuliza dawa ya kifaduro, neno la kwanza litakalomtoka ndilo dawa. Hulipi, na asante husemi, maana asante inaiua dawa.

Tena farasi mwenyewe aliliogopa boma la kale la Watu Wema, wale viumbe wa chini ya ardhi tusiowataja kwa jina lao. Akifika kwenye mti wa miiba uliomea hapo anagoma, hasogei mpaka wenyewe waridhike. Basi wagonjwa wakawa wanamsubiri Malachy palepale.

Mzee Hanrahan aliuliza wakati Malachy anagombana na farasi. "Rudi nyuma, mpumbavu wewe," Malachy akafoka. Mzee akarudi kwake kinyumenyume, maili mbili, akapitia na shimo la samadi, na Jumapili kanisani hakukohoa hata mara moja. Mke wa Burke aliambiwa, "Hebu niacheni nipumzike." Akalala siku tatu, mumewe akapika. Huyo alipona shingo upande.

Sasa Nábla Considine. Malachy alimpenda miaka tisa na hakuwahi kumwambia lolote zaidi ya habari za mvua. Mwezi wa Novemba Nábla akashikwa na kifaduro, na dada yake wa Limerick akamwandikia aende wakaishi wote. Angeondoka Jumamosi, kwa basi. Malachy akawa anafanya mazoezi jikoni. Wiki ile niliposwa mara kumi na nne na ndugu yangu wa tumbo moja, huku namenya viazi.

Alhamisi Nábla akaja bomani. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta na ndoo yangu, eti nakamua ng'ombe.

"Mwenye farasi wa mabaka," akauliza, "dawa ya kifaduro ni nini?"

"Kitunguu," akasema Malachy.

Nusura nimtupie ndoo.

Ijumaa Nábla akarudi, ananuka. "Bado nakohoa, Malachy."

"Ongeza kingine," akajibu yule bwege, na jioni hiyo sikumpa chakula.

Jumamosi Nábla akaja na sanduku lake, nami tena nyuma ya ukuta na ndoo yangu ya maziwa. Basi lilikuwa linasikika likipanda kilima. Akakohoa. Nimeuguza watu wengi wenye kifaduro, na kile hakikuwa kikohozi hata kidogo.

"Malachy, nimekula vitunguu mpaka paka kahama nyumba. Basi hilo linakuja. Safari hii fikiri kwanza, ndipo useme."

Malachy akazisokota hatamu mkononi. Masikio yakamwiva. Nikawaomba watakatifu wote ninaowajua, na Watu Wema pia, maana nilikuwa sichagui tena.

"Usiende," akasema.

Farasi akapiga hatua moja, akalipita boma mwenyewe bila kuambiwa, na Malachy ikabidi ageuze shingo kumwangalia Nábla. Nililia kwenye maziwa, sikatai.

Nábla akaliweka sanduku chini. Basi likaja, likapita. Hakukohoa tena, na asante hakusema.