Mabao Niliyofunga Dukani

Jamani, acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Juzi mimi na mama mkwe tulitoka Mapinga kwenda Bagamoyo mjini kununua kompyuta ya mezani, ya kuchapia barua za wateja mchana na kuchezea gemu za mpira jioni. Yeye ndiye aliyenisaidia kufungua kiduka changu, nami nilimwapia kwamba kompyuta nazijua.

Dukani nikakuta moja ikionyesha mechi. Nikavuta kiti, nikashika kibodi, nikaanza kubonyeza. Mchezaji akakimbia, akapiga chenga, akafunga!

"Umefunga wewe?" mama mkwe akauliza.

"Ni mimi, mama."

Likaingia la pili. Mama mkwe akapiga kigelegele, wateja wakajaa nyuma yetu. Nikatamba: "Hii ina nguvu, haigandi. Tuichukue."

Muuzaji, binti mpole, akaniinamia. "Samahani dada, hiyo ni video ya matangazo tu. Kibodi haijachomekwa."

Nikautazama waya unavyoning'inia. Duka zima likaangua kicheko, uso ukaniwaka moto.

Mama mkwe naye alicheka mpaka akatoa machozi. Kisha akavuta kiti, akaketi kando yangu.

"Basi mchomekee, mwanangu," akamwambia muuzaji, "halafu utuelekeze sote wawili."