Mwanangu Anaogopa Ngoma, Lakini Anataka Kuchezwa Unyago kwa Ajili Yangu

Habari zenu nyote mnaosoma ukurasa huu. Admin, naomba unifichie jina, maana ndugu zangu wengi wamo humu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, naishi Newala, nimesoma hadi kidato cha nne. Mwaka huu nimefiwa na mume wangu. Ameniachia mtoto mmoja wa kike, ana miaka kumi na miwili, hapa nitamwita Salma.

Tangu utoto naumizwa na vitu ambavyo wenzangu wala hawavioni. Moshi wa korosho zikichomwa unanilaza kitandani. Majirani wakigombana, natetemeka kana kwamba natukanwa mimi. Mgeni akiingia na huzuni yake, naijua kabla hajakaa. Marehemu mama alinizungusha kwa waganga akidhani nina jini, hakuna kilichobadilika.

Mume wangu hakuhitaji kuelezwa. Alikuwa na mashine ya kusaga, na kelele za mashine zilimzoesha kupaza sauti. Jioni alirudi nyusi zimejaa unga, anaanza kunisimulia habari za wateja kwa sauti kubwa, halafu katikati ya maneno anakumbuka, anaishusha sauti, anajicheka mwenyewe. Sufuria alizitua chini taratibu kama analaza mtoto.

Kuna mwalimu mmoja, mtu wa Singida, alipanga nyumba ya jirani. Siku moja alinikuta nimejifungia chumbani kwa sababu ya muziki wa harusi. Akaniambia, "Mama Salma, huumwi wala hujalogwa. Kuna watu wamezaliwa hivyo, kila kitu kinawagusa zaidi, cha furaha na cha huzuni." Nililia siku ile, lakini kwa nafuu. Halafu nikamwangalia Salma, aliyekuwa ameziba masikio kwa ncha za kanga yangu, nikaelewa kwamba tupo wawili.

Msiba ulikuwa Masasi, kwa wakwe zangu. Mnaojua misiba ya kwetu mnaelewa. Kila kundi la wanawake likifika, kilio kinaanzia barabarani, na wewe mfiwa uliye mkekani unatakiwa uwapokee kwa kilio chako. Niliwapokea wa kwanza, nikawapokea waliofuata. Ikafika mahali sauti zile zote zilikuwa ndani ya kichwa changu, nikitaka kuikumbuka sura ya mume wangu haiji. Nikamshika Salma mkono, tukaenda kukaa nyuma ya jiko, kwenye madumu ya maji. Pale ndipo sura yake ikaja, nikalia kimya kimya.

Wifi yangu alitukuta. Hakusema na mimi, alisema na wapishi, ila kwa sauti ya kunifikia. "Mjane wetu ana masikio ya kitajiri, hapendi kelele. Basi kaka yetu tumlilie sisi tulioshika miiko." Wenzake wakacheka kidogo. Salma alisikia kila neno. Tangu hapo habari imepanda mpaka huku Newala kwamba mimi sikumlilia mume wangu. Kandambili zake bado ziko mlangoni, zina unga kwenye mikunjo, sijaweza kuziosha.

Sasa shule zikifungwa kuna unyago Mkunya, kwa ndugu zangu. Kwetu sisi Wamakonde mjomba ana neno juu ya mtoto wa dada yake, na kaka yangu amesema Salma aingie na wenzake. Mume wangu alikuwa ameanza kumuomba kwamba mtoto afundishwe na kungwi nyumbani, bila ngoma na bila umati. Kaka hakukataa, alisema watakaa waongee. Hawakuwahi kukaa.

Nimemuomba tena mwenyewe. Kaka yangu si mkatili, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, mimi namwonea huruma. Lakini wanawake watasema mtoto huyu hajachezwa, amefundishwa uvunguni. Siku ukifa wewe atakaa wapi? Watamwinua mkekani kwenye msiba wa mama yake." Nimewahi kuona binti akiinuliwa hivyo, asikae na wanawake kwa kuwa hakuchezwa.

Usiku Salma hushtuka hata mlango ukigongwa na upepo. Akilazwa siku kadhaa kati ya ngoma na vigelegele, sijui atarudi akiwa mtoto gani. Nilikuwa nimeshaamua kumkatalia kaka, liwalo na liwe.

Juzi nilikuwa nafua, Salma akaja akachuchumaa pembeni ya beseni. Akasema, "Mama, mwambie mjomba nitaenda."

Nikamuuliza kama haogopi ngoma. Akasema anaogopa sana. Nikamuuliza, sasa unaendea nini?

Akasema, "Siku ya kututoa ndani, akina mama wote wanacheza. Na wewe utacheza, wakuone. Shangazi hatakusema tena."

Nguo ilinitoka mkononi. Kumbe miezi yote hii mtoto alikuwa anayabeba yale maneno ya jikoni na hakuniambia.

Jumamosi kaka anakuja kuchukua jibu. Nikikubali, nitakuwa nimempeleka mtoto kwenye kitu kinachomtisha ili kunisafisha mimi. Nikikataa, ninamfungia mlango wa wanawake wenzake, na pia ninamwambia kwamba kile alichokusanya moyo wake wote kunipa sikitaki. Baba yake angekuwepo, angekaa naye pale kwenye beseni na kupata neno la kumwambia. Mimi nimemkumbatia tu mpaka povu likakauka mikononi.

Nyie mliolea mtoto wa namna hii, au mliokuwa watoto wa namna hii, nishaurini. Nimwache aende, au nimzuie?