Ukuta wa mama yangu kwenye maonyesho ya picha za Wamarekani, Dodoma

Mkono wa mama yangu ulifikaje kwenye picha ya mchoraji wa Kimarekani?

Wakuu, poleni na majukumu. Swali hilo nimelibeba tangu ujana na sasa mvi zinaniingia, jibu sina. Ninayoyasimulia yalinitokea, na sikuyatia chumvi.

Ilikuwa enzi za ruksa. Nilikuwa nimemaliza degree, nimepata kazi ya ofisini Dodoma mjini. Kwetu ni Chemba, ambayo wakati huo bado ilikuwa chini ya Wilaya ya Kondoa. Mama alishafariki. Kwenye tembe lake la udongo alibaki dada yangu mkubwa, Zaituni, peke yake.

Wanunuzi binafsi wa mazao walikuwa wameruhusiwa, na mmoja wao alikitaka kiwanja chetu abomoe tembe, ajenge ghala la alizeti. Mimi ndiye niliyelichangamkia jambo hilo. Dada angehamia kwangu mjini, kwenye bati na umeme. Aliponiuliza mama angesemaje, nilimjibu kisomi kwamba marehemu haoni.

Alikusanya mizigo yake, akafunga nyumba kwa kufuli. Akaja Dodoma ili alfajiri inayofuata twende pamoja kumkabidhi mnunuzi nyumba.

Nieleze kidogo hapa, maana bila hili hamtanielewa.

Kwetu wanawake ndio wanaokandika kuta, na kila mmoja ana mkono wake. Mama alikandika kwa mkono wa kushoto, ambao haukuwa na kidole cha pete. Kilikatwa na shoka akiwa msichana. Kila alipopitisha mkono iliachwa mistari miwili, pengo, kisha mmoja mwembamba pembeni.

Na katika ukoo wetu, alama za marehemu hazikandikwi juu yake. Zinaachwa mpaka zidondoke zenyewe. Chumbani kwa mama zilikuwa zingalipo.

Sasa mchana ule, kwenye ukumbi mmoja mjini, kulikuwa na maonyesho ya picha za abstract za wachoraji wa Marekani wa siku hizo. Nikampeleka dada, nusu kumburudisha, nusu kujionyesha.

Alinitania mwanzo mwisho. Mbele ya picha ya rangi zilizochuruzika aliuliza kama mchoraji alisukumwa. Nikamfafanulia kwamba sanaa hii haichori kitu. Unaitazama, kisha unasikiliza unavyojisikia.

"Msomi, mimi najisikia miguu inauma," akasema.

Tulipofika mwisho wa ukumbi, utani ukakatika.

Kwanza ilikuwa harufu. Udongo mbichi, uliokandwa muda huohuo. Wakuu, ilikuwa kiangazi, Dodoma nzima vumbi tupu. Mlinzi, mzee wa Kigogo, alikuwa amekaa akiipa picha ya mwisho mgongo. Tulimpa shikamoo, akaitikia bila kugeuka.

"Nanyi mnaisikia?" akauliza. "Nilidhani bomba limepasuka. Nimepekua kote, pakavu."

Picha ilijaa ukuta. Rangi ya udongo, na juu yake michirizi ya kijivu iliyopindia juu.

Mistari miwili. Pengo. Mmoja mwembamba pembeni.

Mama alikuwa mfupi. Michirizi yote iliishia kimo kilekile ambacho mkono wake uliishia kule chumbani. Juu ya hapo palikuwa patupu.

Dada aliinua mkono wake wa kushoto, akakunja kidole cha pete, akaupitisha hewani bila kugusa. Ulikaa sawasawa.

"Wameandika nini hapo chini?"

Nikamsomea: jina la Mmarekani, kisha neno la kusema kwamba picha haina jina.

"Inalo," akasema. "Wao ndio hawalijui."

Nikaanza kusema ni sadfa, mchoraji huenda alitumia vidole. Sauti yangu mwenyewe ilinitia aibu. Dada hakunitazama.

"Ulisema haoni. Haya, amekuja kuona."

Nilichojifunza ni kwamba elimu ilinipa maneno ya kuzungumzia picha ile, na hakuna hata moja lililonisaidia nikiwa mbele yake. Wajuzi wa sanaa, na wenye mikasa ya namna hii, naomba mchango wenu, hata wa kunipinga. Ila niwamalizie ya asubuhi.

Tulipanda basi la kwanza. Mnunuzi tulimkuta uani pamoja na mafundi wake, sururu zimeegemezwa ukutani. Dada alifungua kufuli aliyoifunga mwenyewe siku iliyotangulia. Ndani hapakuwa na mtu. Mnunuzi akatangulia kuingia kukagua.

Kwenye mlango wa chumba cha mama alisimama, akavuta pumzi puani.

"Nani kakandika humu asubuhi hii?"

Dada akanitazama. Nikamwambia yule bwana anisamehe kwa kumpotezea muda, achukue mafundi wake na sururu zake. Nyumba haiuzwi.