Nilimpa mama wa marehemu skonzi za kijana aliyemuua mwanawe

Wakuu, salamu kutoka Otonglo, hapa kando ya Kisumu.

Wacha nianze na upumbavu wangu kabla mtu mwingine hajanianzia.

Nilimkaribisha mteja wangu chai na skonzi mbili. Mteja mwenyewe ni mama aliyezika mwanawe. Skonzi zilikuwa zimeokwa na kijana aliyemuua huyo mwana.

Na nilijua. Nilijua huyu ni nani, na skonzi ni za nani. Ni vile tu kichwa changu hakikukutanisha hayo mambo mawili mpaka alipokuwa anatafuna ya pili.

Haya yote yametokea, majina tu ndiyo nimebadilisha. Anayetaka kunicheka acheke. Mke wangu alishatangulia.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi wa nguo na nashonea nyumbani, sebuleni. Mimi ni mtu wa ndani kabisa. Nikifika kwa geti, hiyo kwangu ni safari, nikirudi napumzika. Mke wangu ndiye hutoka kuuza omena sokoni, na kuna watu huko humuuliza kwa heshima kama mume bado yuko hai.

Jirani yetu ni Dani. Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na huyu ni dani wa kila mtu kwa hii laini yetu. Mjukuu wake tumwite Javan.

Miaka sita iliyopita Javan alikuwa kidato cha pili, miaka kumi na sita. Aligombana na rafiki yake, tumwite Odhis, juu ya njumu za kuchezea mpira. Njumu ambazo walikuwa wakiazimana kila wiki. Javan alikuwa na kisu cha kumenyea miwa. Alimdunga Odhis mara moja tu.

Odhis hakufika hospitali.

Kesi ikazunguka, mwishowe Javan akapelekwa borstal, jela ya vijana, miaka mitatu. Huko ndiko alifunzwa kuoka. Mwaka jana akarudi kwa Dani na cheti.

Sasa wale wa zamani humu mtakumbuka, mwaka jana kulikuwa na uzi kuhusu vijana wanaoua, kama waadhibiwe ama warekebishwe. Mimi nilikomenti kwa herufi kubwa: WAOZEE NDANI. Nikapata likes mpaka nikamwonyesha mke wangu.

Wiki mbili baadaye Javan akaanza kuoka skonzi nyuma ya nyumba ya Dani. Harufu ikawa inapita kwa ua, inakuja moja kwa moja mpaka kwa cherehani yangu.

Msimamo wangu ulidumu siku nne.

Siku ya tano nilinyoosha mkono juu ya ua nikanunua sita. Nikala nne kabla mke wangu hajarudi.

Kwa wasiojua mambo ya kwetu, damu ikimwagika kati ya nyumba mbili, hizo nyumba hazili pamoja. Si chakula, si maji, hata chumvi hamwombani, mpaka wazee wa pande zote wakae chini na dawa ya kusafisha inywewe. Ukila kabla ya hapo, watu husema chira itakufuata, ule mkosi wa kuvunja mwiko. Unakonda mpaka unaisha.

Mimi ni Mkristo, nitawaambia siamini chira. Lakini siamini nikiwa nimesimama mbali nayo.

Basi Mama Odhis akaja Jumanne asubuhi nimpime sare ya akina mama wa kanisa. Nikazungusha tepu kiunoni. Nikaangalia daftari la vipimo vyake vya zamani. Alikuwa amepungua inchi nne tangu nimshonee mara ya mwisho.

Hiyo mara ya mwisho ilikuwa nguo ya mazishi.

Wakuu, nilimhurumia. Na mimi nikiingiwa na huruma huwa najua kitu kimoja tu, kulisha mtu. Nikamtundikia tepu shingoni, nikamkalisha, nikamimina chai, nikaleta skonzi.

Akala ya kwanza. Akachukua ya pili. Akatabasamu, kitu ambacho sikuwa nimeona kwake kwa muda.

"Fundi, hizi umetoa wapi? Ni laini hivi!"

Mtu mwenye akili angesema sokoni. Mimi nikasema, "Ni za Javan wa Dani."

Akaacha kutafuna.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alitoka nje, akasukutua kinywa kwa mfereji mara tatu, akarudi kuchukua mkoba wake.

Mlangoni akageuka akasema, "Wangu alizikwa bila hata hizo njumu, polisi walizichukua. Huyu wenu amerudi na cheti."

Akaenda, tepu yangu ikiwa bado inaning'inia shingoni mwake. Sikuthubutu kumwita.

Sasa mlango wangu unatazamana na jikoni ya jirani mwingine, mama mmoja aliolewa hapa kutoka Sondu, tunamwita Nyar Sondu. Yeye hana simu ya maana lakini habari zake hufika haraka kuliko zenu. Kufikia saa saba mchana laini yote ilikuwa inajua. Wengine wakasema Mama Odhis hatamaliza mwaka. Wengine wakasema kijana alianza na mtoto, sasa amekuja kumalizia mama.

Skonzi hazikununuliwa tena. Siku mbili nilimwona Dani akiwapa kuku.

Ijumaa Javan akaja kwangu na suruali. Ni kijana mrefu, mpole, akiongea anaangalia mikono yake.

"Fundi, nipunguzie hii. Dani amesema niende Nairobi Jumapili."

"Nairobi kuna nani?"

"Hakuna mtu."

Nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza. "Si makosa yako, Fundi. Hiyo siku nilijua tu itafika."

Heri angenitukana. Mtoto wa mtu anafukuzwa kwa nyumba pekee aliyonayo, kwa sababu ya mdomo wangu na sinia yangu, halafu ananibembeleza mimi!

Suruali ile sikuigusa. Niliitundika ukutani. Kwa akili zangu za kidato cha nne, niliona nikiimaliza ataenda.

Mke wangu alirudi jioni, akaiona, akaniona. "Baba Akinyi, chakula ulipeleka wewe. Sasa na miguu peleka."

Alimaanisha Asembo Bay. Huko ndiko aliko Jaduong', yaani mzee, kaka mkubwa wa babake Javan. Mambo kama haya lazima yaanzishwe na upande uliomwaga damu, na yeye ndiye mkubwa aliyebaki upande huo. Dani magoti yake hayangefika.

Safari yenyewe sitawasimulia. Niseme tu nilibeba sweta mbili na chupa ya maji kama mtu anayehamia nchi nyingine, na kabla ya saa tatu asubuhi nilikuwa nimefika.

Nilimkuta Jaduong' ufuoni, anaangalia mbuta zikipimwa. Nikamweleza. Hakutaka kusikia.

"Hiyo maneno serikali ilimaliza. Kijana alifungwa, akatoka. Mimi niende kufukua nini?"

"Jaduong', serikali haikula skonzi."

Akacheka kwa nguvu, wenye samaki wakageuka. Halafu kicheko kikamwishia usoni. Akakaa kwa ukingo wa mashua.

"Miaka sita," akasema. "Sijawahi kumpa huyo mama pole. Niliona haya. Nikasema korti imenisaidia."

Alasiri hiyo hiyo tulirudi pamoja, yeye na chupa ya manyasi, ile dawa ya mizizi, imefungwa kwa gazeti.

Jioni hiyo mahali pa kukaa pakawa kwangu, maana hakuna upande ungeingia kwa mwingine. Nikasukuma cherehani ukutani. Upande mmoja Dani, Javan na Jaduong'. Upande mwingine Mama Odhis na shemeji yake. Sikutegemea angekuja. Alikuja, akakaa karibu na mlango, mkoba mapajani.

Jaduong' alisimama akasema yale alitakiwa kusema miaka sita nyuma. Sitayaandika, ni yao.

Halafu Mama Odhis akaulizwa anataka nini. Sisi wote tulidhani atasema kijana aende. Mimi macho yangu yalikuwa kwa ile suruali ukutani.

Akamwangalia Javan. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

"Nataka kuuliza kitu kimoja. Kortini wakili alikuwa anaongea, jaji anaongea, hakuna mtu aliuliza. Mwanangu alisema nini mwisho?"

Javan akaangalia mikono yake. Dani akamshika goti.

"Aliniuliza, 'Kwani umenidunga, Javan?' Kama haamini. Mimi pia nilikuwa siamini. Nikamshika, nikamwambia tunaenda hospitali." Akamwangalia Mama Odhis. "Halafu akasema, 'Usiambie mathe.'"

Usiambie mathe.

Mama Odhis alitoa sauti ambayo sikujua kama ni kicheko ama kilio. Ilikuwa yote mawili. Akajifunika uso na kitambaa, mabega yanaruka.

"Ni yeye," akasema. "Ni yeye kabisa. Hata akivunja kikombe ilikuwa hivyo hivyo. Usiambie mathe!"

Javan naye akalia, kama mtoto, na kamasi. Aliyekuwa amekaa mbele yetu alikuwa na miaka ishirini na mbili, lakini aliyelia alikuwa yule wa kumi na sita.

Mimi nilienda jikoni kuangalia kama gesi inavuja. Haikuwa inavuja.

Niliporudi Mama Odhis alikuwa amejipangusa. Akasema hivi, naandika kama alivyosema:

"Sijamsamehe, na mtu asiniharakishe. Lakini asiende Nairobi. Wote hapa wamesahau hata sauti ya mtoto wangu. Huyu akienda, nitaongea na nani juu ya Odhis?"

Manyasi ikamiminwa. Akanywa Mama Odhis, akanywa Javan, wakanywa wote wa pande mbili. Nikadhani tumemaliza.

Jaduong' akaninyooshea kikombe. "Na wewe."

"Mimi sina damu na mtu, Jaduong'."

"Ni nani alibeba chakula kutoka mkono huu mpaka kinywa hiki?"

Wakuu, nilikunywa. Ni chungu kama vidonge vya malaria vilivyotafunwa. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sijamwona na furaha kama ile tangu harusi yetu.

Jumapili Javan alikuja kuchukua suruali yake. Nilikuwa nimeshampunguzia, sasa ni ya kuendea kanisani.

Basi nilichojifunza. Sitawadanganya eti nimepata jibu la ule uzi wa mwaka jana. Nikimwangalia Javan nasema borstal ilifanya kazi yake, huyu kuozea ndani kungesaidia nani? Nikikumbuka inchi nne za kiuno cha Mama Odhis, najiuliza hiyo kazi yote ilifanyiwa nani.

Tunabishana humu afungwe ama arekebishwe, na pande zote mbili tunaongea juu ya kijana tu. Yule mama aliachwa nyuma kwa laini, na swali moja dogo, miaka sita, na tangu mwaka jana aliyekuwa na jibu analala nyumba ya tatu kutoka kwake.

Komenti yangu ya WAOZEE NDANI nimeifuta. Nyingine sijaandika mahali pake. Na nasema haya nikijua kuna wasomaji hapa wamezika watu wao, na kuna ambao aliyeua hakujuta hata kidogo. Hao siwezi kuwafundisha kitu, mimi ni fundi wa nguo. Mtuambie nyinyi. Na wenye matusi pia karibuni, mimi niko tu nyumbani, nitasoma yote.

Lakini kabla hamjaandika, sikieni ya juzi.

Mama Odhis alikuja kuchukua sare yake. Akanirudishia tepu, imekunjwa vizuri. Wakati huo huo Javan akatokea kwa ua na sinia ya skonzi za moto. Akamwona, akaganda hapo hapo, hasogei mbele wala nyuma. Sahani ya skonzi zake ilikuwa mezani kwangu, nikaifunika haraka na kipande cha kitambaa cha sare. Nikamimina chai kavu.

Mama Odhis akakaa. Chai inapoa.

Ndipo Nyar Sondu, aliyekuwa amejiinamia dirishani kwake akichambua mboga, akapaza sauti:

"Wewe Fundi! Kijana amekunywa dawa, mama amekunywa dawa, hata wewe mjinga umekunywa na haukuua mtu. Sasa funua hizo skonzi, mama wa watu anakunywa chai kavu!"