Muhogo wa Kola

Mwaka 1907 nilikuwa na miaka minane, na hapo ndipo dhiki yangu ilipoanza. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa, Wajerumani wamechoma maghala yetu, baba amekufa, na hapa Songea watu walikuwa wakichimba mizizi ya porini wapate kula. Nayakumbuka hayo kwa sababu juzi alinijia dukani kwangu, mtaa wa Majengo, mjukuu wa bibi mmoja aliyekuwa mke wa askari wa Wajerumani enzi zile. "Shikamoo babu. Bibi ametutoka. Alikuwa akisema wewe ndiye mwanafunzi wake." Nikaitikia marahaba, nikaendelea na pasi yangu.

Mwanafunzi, ndiyo. Mama alinipeleka kwake nifanye kazi kwa mlo mmoja. Bibi huyo alikuwa akifua na kupiga pasi nguo za wakubwa wa bomani. Pasi yenyewe ya chuma, ya mkaa, inaushinda mkono wangu. Alinifundisha kuipepea makaa yashike, kuifuta chini kwa jani la mgomba iteleze, kisha kuisogeza karibu na shavu nisikie joto lake. Nikikosea, aliisogeza yeye. Alama ninayo mpaka leo.

Shavu nimelisamehe. Lakini kola za Wajerumani zilisimamishwa kwa wanga, na wanga ule ulikuwa wa muhogo kutoka ghala la boma. Mji unakufa njaa, sisi tunalisha mashati. Nyumbani mdogo wangu wa kike hakuwa na nguvu hata ya kulia. Basi nikawa nachota wanga kwa kifuu, nampelekea, na palipopungua naongeza maji. Siku ya gwaride kola zikalala kama masikio ya mbuzi. Bibi yule hakupaza sauti. Aliinua kola moja kwa kidole, akaniambia, "Muhogo huu ni wa kola, mwanangu. Mdogo wako haendi gwaride." Wanga uliobaki akaumwaga mchangani, mbele yangu. Hazikupita siku nyingi tukamzika mdogo wangu.

Juzi nilipokwenda matangani kwa bibi yule, waliniambia marehemu hasemwi, tena alinipa kazi, nishukuru. Mimi namsema. Kazi angeweza kunifunza na mtoto akala. Nanyi vijana mnaosifu ukali wa waliowafunza, ulizeni kwanza ukali huo ulimlaza nani njaa.

Leo, mimi niliyeishia darasa la pili, nina nyumba ya bati, duka la udobi, pasi nne, cherehani, ng'ombe wawili na shamba la muhogo. Muhogo wangu unaliwa. Anayetaka kola isimame, aende kwa dobi mwingine.