Wifi Yangu Mtoa Chawa

Wifi yangu alilipwa kwa kutazama bahari bila kulowa. Hivyo ndivyo mume wangu alivyokuwa akimtambulisha dada yake kwa watu, na dada mtu anamkata jicho huku anacheka. Mzaha wake mwingine ulikuwa kwamba mimi mkewe nina wifi wawili: mmoja aliyechangia naye tumbo, mwingine amebandikwa ukutani anawakawaka taa za kijani, na wote wawili mvua ikinyesha hawafai kitu. Huyo ndiye aliyekuwa mume wangu. Mdomo haukumkauka.

Lakini kuhusu mvua hakusema uongo. Kazi ya wifi ilitegemea setilaiti inayopita juu yetu kila siku ya tano, saa nne na nusu asubuhi, haichelewi wala haimsubiri mtu. Inapiga picha pwani yote, kuanzia mashambani mpaka kwenye kilindi. Yeye anakaa mbele ya kompyuta, ghorofa ya pili, chumba chenye pazia zito, anasoma rangi: hapa mto umemwaga tope, hapa ufuko umeliwa, hapa mikoko imekatwa. Kukiwa na mawingu, basi tena, picha ni pamba tupu. Ofisini walimwita Bi Mawingu kwa jinsi alivyokuwa akiyatukana.

Sasa, kompyuta peke yake haiaminiki. Lazima mtu awe majini saa ileile, ili kinachoonekana kutoka juu kilinganishwe na kilichopo chini. Mtu huyo alikuwa mume wangu, nahodha wa boti ya ofisi. Alishusha sahani nyeupe kwa kamba yenye alama, na ikishapotea machoni anaandika imepotelea mita ngapi. Miaka kumi na moja wamefanya kazi hiyo, dada na mdogo wake, wakitukanana kwenye simu kutwa nzima kwa mapenzi.

Niwaeleze na hili la chawa, maana bila hilo hamtanielewa. Picha ikifika huwa na vidoa vyeupe juu ya maji: povu, vipande vya wingu, boti. Kompyuta ni jinga, ikiona cheupe inadhani ni tope, na hesabu zote zinaharibika. Kwa hiyo kabla ya yote unapitisha jicho, unabofya kidoa, unakifuta, unajaza rangi ya maji ya jirani. Jina la kitaalamu lipo, ila wao waliita kutoa chawa, na wifi alikuwa bingwa wao. Anapiga soga, anakunywa chai, mkono unatoa chawa wenyewe. Mimi ni fundi cherehani. Nikimaliza gauni nakata nyuzi zinazoning'inia bila hata kuziangalia, kwa hiyo najua mkono uliozoea ukoje.

Mwaka ule mawingu yalitanda zaidi ya mwezi. Picha sita mfululizo, hakuna kitu. Halafu asubuhi moja mbingu ikafunguka, wifi akapiga simu hata chai hatujanywa, sauti yake nikaisikia nilipokuwa nimesimama. "Mdogo wangu, leo ni leo! Ukinikosesha na leo, undugu umeisha." Msaidizi wa mume wangu alikuwa na homa. Nikasema, basi usiende, mtu haendi baharini peke yake. "Vipimo vitatu tu, mke wangu. Kule juu hawana subira kama yako." Akatoka na kamba ya kiatu kimoja haijafungwa.

Alitakiwa arudi saa saba mchana. Picha ilifika saa nane. Yaliyotokea chumbani mule niliyajua baadaye, na wifi amenisimulia mara nyingi mpaka nayaona. Alifungua picha akapiga kigelegele, haina wingu hata moja. Akaanza kutoa chawa. Akamgeukia mwenzake wa meza ya pili, akasema, "Huyu mdogo wangu naye, akionja maji anasahau nchi kavu. Vipimo vyangu viko wapi?" Na akisema hayo, akabofya kidoa kimoja kusini kabisa, ng'ambo ya miamba ambako simu hazishiki, akakifuta.

Saa kumi ndipo watu walipoanza kutafuta. Upepo ulikuwa unavuma kwenda kaskazini, na kila mwenye akili zake akasema boti imesukumwa huko. Wala hawakukosea kuhusu upepo, ila mkondo wa chini ulivuta kinyume. Boti tatu zikaelekea kaskazini. Wifi ndiye aliyewachorea ramani ya kutafutia, juu ya picha ileile aliyoisafisha. Upande wa kusini aliandika kwa mkono wake: hakuna kitu.

Siku ya nne wakaikuta boti kusini, imepinduka, waya za injini zimeungua. Mume wangu hakuwemo. Mpaka leo hakuna aliyeniletea hata kiatu chake.

Wiki tatu zikapita. Wifi alikuja kila siku, anafua, anapika, anakaa na mama yao ambaye alikuwa amehamia kwangu. Nikawa namwonea huruma, alivyokonda, nikadhani ni msiba tu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Siku moja akaingia chumba changu cha kushonea, nina sare ya shule chini ya sindano, akasimama mlangoni.

"Wifi, siku ile nilitoa chawa."

"Chawa gani tena?"

"Kidoa kimoja, kusini. Saa nane na robo." Akashika fremu ya mlango. "Nimeifungua ile picha mbichi, kabla sijaisafisha. Ni boti, wifi. Imesimama, haina hata mkia wa povu nyuma, injini imezima. Nimemtoa mdogo wangu kama chawa."

Sikulia. Niliuliza kitu kimoja tu. "Na boti za kumtafuta zilitoka saa ngapi?"

Alijua kwamba najua. "Saa kumi," akasema.

Jamani, sijui maneno yale yalitoka wapi. Nilimwambia kikulacho ki nguoni mwako, na mimi mjinga ndiye niliyekuwa nikikushonea hizo nguo. Nilimrushia kopo la vifungo, vikatawanyika chumba kizima, akapiga magoti akaanza kuviokota. Hilo ndilo lililonitia wazimu zaidi, kuviokota. Nikamwambia toka. Akatoka na vifungo mkononi.

Nilikaa siku nane bila kumsemesha. Ya tisa nikaenda ofisini kwake bila kumwarifu. Nilitaka kumwona mume wangu. Ndiyo, mnicheke mkitaka, nilivaa gauni zuri.

Akanifungulia ile picha mbichi. Bahari ilikuwa ya buluu, nzuri, na hilo liliniuma. Akaikuza, akaikuza tena, mpaka kikabaki kimraba kimoja cheupe.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mkuze zaidi."

"Hakuzeki zaidi, wifi. Ndio mwisho wake."

Nikaweka kidole kwenye kioo. Hapo alikuwa hai. Saa nne na nusu, jua kali, amekaa anasubiri, labda anaitukana injini, anaamini kwamba dada yake anamtazama. Ndicho kilichonivunja. Yeye peke yake kati ya watu wote baharini alijua kwamba anapigwa picha, na nani ataisoma.

Wifi akasema kwa sauti ndogo, "Ramani iliyotoka haina kitu hapo. Naweza kukirudisha. Mkuu atagomba, lakini nitakirudisha ukitaka."

"Ukirudishe ili nani amfuate?"

Ni neno baya kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu. Alilipokea bila kujitetea. Kisha akaangusha kichwa mezani akalia mpaka mwenzake wa meza ya pili akatoka nje, nami, ambaye nilikuja na kisu moyoni, nikajikuta nimemshika mabega. Ningesema nimemsamehe ningedanganya. Lakini alikuwa analia kilio kilekile nilichokuwa nacho mimi, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyekuwa nacho.

Tukarudi nyumbani pamoja. Mama mkwe alikuwa kitandani, ameegemea mto, macho yameshapungua nguvu. Akasikia hatua zetu, akamwita binti yake akae karibu, akamshika mkono.

"Mwanangu, nina jambo linanikereketa, nikaogopa kukuuliza. Wewe kazi yako ni kuiona bahari yote kutoka juu. Siku ile hukumwona mdogo wako? Hata kidogo?"

Wifi akafungua mdomo. Nikaona anataka kusema, kweli anataka, na nikaona mkono wa yule bibi ulivyomng'ang'ania.

"Hakumwona, mama," nikasema mimi.

Mama akashusha pumzi, akaupapasa mkono wa binti yake. "Nilijua," akasema. "Angemwona, asingemwacha."